Mazoezi asubuhi au jioni? Na hiyo mnayoiita gesi ya kifua

Niko zahanati hapa Moshi, na kila ikikaribia Kilimanjaro Marathon mji mzima unakimbia, mimi naulizwa yaleyale. Nayajibu hapa ila kuna moja nitalirudia mpaka mchoke.

Asubuhi au jioni, ipi bora?

Ile utakayoiweza bila kuacha. Jioni misuli imeshapata moto na mwili unakuwa mwepesi, asubuhi hakuna jua wala shughuli za kukukatisha. Kinachotakiwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, hata kutembea haraka kunatosha. Kama saa kumi na mbili unatakiwa uwe umeshafungua genge usijitese, kimbia jioni.

Mbona wanasema asubuhi ni hatari kwa moyo?

Ukiamka presha inapanda yenyewe, na mshtuko wa moyo huwapata wengi zaidi masaa ya asubuhi, ni kweli. Lakini sio sababu ya kuacha mazoezi, ni sababu ya kutotoka kitandani moja kwa moja ukaanza mbio, hasa Juni na Julai ule ubaridi wa mlimani ukishuka, maana baridi nayo inabana mishipa. Vaa sweta, tembea dakika kumi kwanza, mwili ukipata joto ndo uongeze mwendo. Na dawa ya presha meza kama ulivyoandikiwa, jamani. Kukimbia hakukupi ruhusa ya kuruka dozi.

Nikipandisha mlima kifua kinabana, nikisimama kinaacha. Si gesi tu hiyo?

Hapana. Uje upimwe.

Kuna baba mmoja aliletwa na mke wake kwa bajaji asubuhi, raba bado zina umande, mfukoni ana karatasi ya vidonge vya gesi vimebaki viwili. Wiki tatu kila akipandisha kuelekea Shanty Town kifua kinabana kama kimekaliwa na mtu, anasimama kwenye mti uleule, kinaacha, anaendelea. Wenzake wakamwambia akimbie alfajiri tumbo tupu gesi itatoka. Siku hiyo kikabana hakikuacha. Tulimpa rufaa hapohapo na alipona, ila moyo umeshaumia, sasa hivi akipanda ngazi anapumzika katikati. Wiki tatu zile angekuja siku yoyote tungemwahi.

Lakini nikicheua napata nafuu.

Umepata nafuu kwa sababu umesimama! Moyo umepunguziwa kazi, damu kidogo inayopita kwenye mshipa wa moyo uliosinyaa ikatosha. Gesi haijui kama unapanda mlima au unashuka. Kifua kinachobana ukijituma na kuacha ukipumzika ni moyo mpaka kipimo kiseme vingine.

Nijiangalie kwa muda gani kwanza?

Hata siku moja usijiangalie, njoo leo. Na kama kinabana umekaa tu, au kimepita dakika kadhaa hakiachi, jasho la baridi linakutoka, maumivu yanaenda mkono au taya, hiyo ni hospitali sasa hivi, usiendeshe mwenyewe na usipitie duka la dawa. Akina mama na wenye sukari wakati mwingine hawaumwi kifua kabisa, ni pumzi kukata na uchovu usioeleweka, nao waje.

Nina sukari, nikimbie kabla ya chai?

Kama unachoma insulini au unameza glibenclamide, usikimbie tumbo tupu. Pima sukari, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) kula kwanza, na tembea na pipi au glukosi mfukoni. Ukianza kutetemeka simama ule, usijikaze ufike nyumbani.

Na usiku?

Sawa, ila mbio kali ziishe saa moja au zaidi kabla ya kulala, na uvae nguo ya kuonekana, bodaboda wetu mnawajua.

Basi nikihamishia jioni kifua si kitatulia?

Hili ndo linanichosha kuliko yote. Mshipa uliosinyaa asubuhi ni uleule jioni. Raba ziache kwanza, njoo upimwe, na kile kipimo cha nyaya kifuani kikisoma vizuri ukiwa umelala usishangilie ukaondoka, mwambie daktari wazi kwamba kinabana ukipandisha, akupime na ukiwa unajituma.