Je, wajua kwa nini malengelenge ya sehemu za siri hurudi palepale?

Kwenye maduka ya dawa ya Manzese au Mbagala kuna mteja anayesubiri wenzake wapungue ndipo anong'one: "Ile kitu imerudi." Alishameza dawa za UTI, akapaka za fangasi, vidonda vikakauka. Miezi miwili baadaye, palepale. Nyumbani ugomvi: nani kaleta?

Chanzo ni kirusi cha hepesi, hasa aina ya 2. Aina ya 1, ile ya vidonda vya mdomoni, nayo hufika huko kwa ngono ya mdomo. Kikishapenya ngozini hupanda na mshipa wa fahamu mpaka kwenye kifundo chake karibu na uti wa mgongo, chini ya kiuno, kikalala. Asaiklovia, dawa inayotumika kwa hepesi, huzuia kirusi kuzaliana. Kilicholala hakizaliani, kwa hiyo dawa haikigusi. Kikiamka hushuka kwa njia ileile, ndiyo maana unasikia mchonyoto pale pa siku zote kabla ya malengelenge kutoka. Mkanda wa jeshi ni wa ukoo huohuo: kirusi cha tetekuwanga kilichojificha miaka, kikafuata mshipa wake.

Sasa nani kaleta? Vidonda havitoi jibu. Mtu anaweza kukaa na kirusi miaka bila dalili, au na dalili ndogo akadhani ni wembe tu, na bado akaambukiza. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 500 wa miaka 15 hadi 49 wana aina ya 2, wengi hawajui. Na choo cha wapangaji kisisingiziwe, kirusi hiki hufa haraka nje ya mwili.

Wale wa mabango ya nguzoni wanaoahidi "kukata kabisa" wanakula hela yako. Dawa hiyo haijapatikana. Vidonge vya asaiklovia husaidia zaidi ukivianza mara mchonyoto unapoanza, na anayesumbuliwa mara kwa mara daktari anaweza kumwandikia vya kila siku. Vidonda vikiwepo, tendo lisubiri. Kondomu hupunguza hatari ila haifuniki ngozi yote. Pima na VVU, maana hepesi aina ya 2 hurahisisha maambukizi yake.

Mjamzito amweleze muuguzi kliniki mapema. Vidonda vikiwepo siku ya uchungu, kwa kawaida hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, mtoto asipite kwenye virusi.