Biskuti ya Mmarekani sio biskuti yako ya chai

Kuna siku nilipika biskuti nikifuata video ya mama mmoja wa Marekani, nikapima unga na bekingi pauda, siagi ya baridi nikaisugua na unga mpaka ikawa chengachenga, nikamimina mtindi, nikakata duara kwa glasi nikatia kwenye oveni, dakika 15 natoa nakuta vidude vimeumuka, laini, ndani vina matabaka matabaka. Nikajua nimeharibu unga wa watu. Kumbe ndo zimetoka zenyewe kabisa!

Iko hivi. Sisi neno biskuti tumelipata kwa Mwingereza, na kwake ni hiyo hiyo unayoijua, kavu, inavunjika kwa mlio, unachovya kwenye chai. Asili ya neno ni Kilatini, likapitia Kifaransa, maana yake kitu kilichopikwa mara mbili, zamani walikuwa wanaoka alafu wanakirudisha tena motoni kikauke kisioze safarini. Mmarekani hiyo kavu tamu anaiita kuki, kalitoa kwa Waholanzi waliokuwa New York enzi inaitwa New Amsterdam, wao wanasema koekje yaani kijikeki. Biskuti kwake ni kile kidude changu laini, na huko majimbo ya kusini wanakipasua asubuhi wanakimwagia mchuzi mweupe mzito wa soseji na pilipili manga. Biskuti na mchuzi, hebu fikiria.

Utasema si hiyo ni skoni ya Mwingereza? Ni ndugu yake, ila skoni ina sukari kidogo, wakati mwingine na zabibu kavu, na inaliwa na jemu na krimu nzito (huko huko Uingereza watu wa mkoa wa Devon wanaanza krimu, jirani zao wa Cornwall wanaanza jemu, na wanabishana kweli kweli). Skonzi zetu za dukani jina ni la huko huko lakini zina hamira, ni vimkate tu, ukimkaribisha Mwingereza skonzi atangoja skoni mpaka chai ipoe.

Mafini nayo hivyo hivyo. Ya Kimarekani ni kama kikeki cha kwenye kikombe cha karatasi, ya Kiingereza ya asili ni mkate bapa wa hamira unaopikwa juu ya chuma cha moto, unaupasua unaupaka siagi. Flapjeki London ni oti, zile za uji, zimeokwa na siagi na sirapu zikakatwa vipande, ukivuka bahari flapjeki ni pankeki.

Na Waingereza hawana mchezo na haya majina, mwaka 1991 Jaffa Cakes (vitafunio vidogo vya duara, chini kikeki, juu jeli ya chungwa na chokoleti) zilifika mpaka baraza la kodi kuamuliwa ni keki au biskuti, maana biskuti yenye chokoleti inatozwa VAT na keki haitozwi. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba keki ikichacha inakuwa ngumu, biskuti inalegea. Keki ikashinda.

Kwa hiyo kabla hujawasha oveni angalia vipimo kwanza. Ukiona vikombe na moto wa 350 jua ni Mmarekani anaongea, hiyo ni Farenhaiti, kwenye oveni ya selsiasi weka kama 180.