"Muda Haukutosha" Si Tathmini ya Somo

Nimeisoma tena, katika andalio la somo la mwalimu tarajali, tathmini ambayo imenichosha: "Wanafunzi walielewa, ila somo halikukamilika kwa sababu muda haukutosha." Imani iliyo nyuma ya maneno hayo, kwamba somo la mazoezi hupimwa kwa kufika mwisho wa andalio, inawanyima walimu wachanga faida kubwa ya mazoezi ya kufundisha.

Somo lilihusu kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Utangulizi ulikuwa mzuri, zana zilifaa, sauti ilisikika hadi nyuma. Mwalimu aliuliza, "Mmeelewa?", darasa zima likaitikia "Ndiyo", naye akaendelea. Itikio la pamoja halipimi uelewa wa yeyote, kwa kuwa mtoto asiyeelewa huitikia na wenzake, na aghalabu hajui kwamba hajaelewa. Ushahidi ulikuwa madaftarini, ambamo wengi walikuwa wameandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5. Aliyeandika hivyo amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa mazoea aliyoyapata katika namba nzima, na kumrudishia hatua za kutafuta kigawe kidogo cha shirika hakuyagusi mazoea hayo hata kidogo. Lakini 2/5 ni ndogo kuliko 1/2! Laiti mwalimu angeuliza inawezekanaje nusu iongezwe kitu kisha ipungue, kosa lile lingekuwa kiini cha kipindi. Tathmini ilipaswa kuanzia hapo.

Swali kama hilo linahitaji kusubiriwa. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu walisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Mwalimu tarajali huuona ukimya kuwa aibu mbele ya mkufunzi, akajijibu mwenyewe, kisha akaulaumu muda.

Mwaka 1983 Donald Schön, mwanafalsafa Mmarekani aliyechunguza jinsi wataalamu wanavyofikiri kazini, alitofautisha kutafakari wakati wa tendo na kutafakari baada yake, na mafunzo ya ualimu huyadai yote mawili kwa anayeanza. Hapo nina shaka. Mtu ambaye fikra zake zote zimeshikwa na hatua inayofuata hana nafasi ya kuliona kosa la daftarini na kubadili mkondo papo hapo. Huenda tunamdai leo uwezo unaoletwa na miaka ya kufundisha. Kwa hiyo tathmini ya baadaye ndiyo nafasi yake ya kweli: aliandike jibu la mwanafunzi kama lilivyo, ataje wazo lililolizaa, aweke na swali atakaloliuliza kipindi kijacho. Nasi wakufunzi tuache kumkata alama aliyesimama katikati ya andalio kwa sababu darasa lilikuwa bado halijaelewa.