Rumba ya Cuba ilivyoota mizizi Léopoldville: gitaa lilivyochukua kazi ya piano

Vijana ninaowafundisha gitaa la solo huwa wananiuliza, mwalimu mbona zile nyimbo za zamani za Kongo kuna sehemu wanaimba Kihispania, wale wazee walijifunzia wapi? Jibu fupi: wengi hawakujifunza popote, walikua wanaiga sauti wanazozisikia kwenye santuri, corazón hapa, mi amor pale, mradi likae vizuri kwenye mdundo. Jibu refu ndo hili.

Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú ya Havana ilirekodi New York wimbo wa muuza karanga, El Manisero, mwimbaji Antonio Machín, na kibao kikashika Marekani na Ulaya kama moto wa nyika. Mwaka 1933 kampuni ya santuri ya HMV ya Uingereza ikaanza kutoa santuri za mfululizo wa GV, zikasambaa Afrika, humo ndani unazikuta bendi za Cuba kama Sexteto Habanero na Trio Matamoros. Muziki wenyewe mwingi ulikua son, mtindo wa dansi wa Cuba, ila mtaani ukajulikana kama rumba, na jina halikubadilika tena.

Sasa watu wanapenda sana kusema rumba ilirudi nyumbani, kwamba watumwa wa Kongo walipelekwa Cuba na ngoma zao, halafu ngoma zikarudi kwenye santuri. Sibishi, damu ya Kongo kwenye muziki wa Cuba ipo na ukisikia ile ngoma yao ya tumba unaijua. Lakini mi naona hiyo inaeleza kwa nini sikio lilikubali haraka, haielezi kwa nini mikono ilianza kupiga. Angalia Léopoldville yenyewe (Kinshasa ya leo) ya wakati ule, watu wamekuja kutafuta kazi kutoka kila pembe, huyu anatoka chini mtoni, yule Kasai, wanaelewana kwa Kilingala, jioni wanakutana baa na kila mmoja ana ngoma ya kwao ambayo mwenzie haijui. Rumba haikua ya kabila la mtu. Na, hili mi nalipa uzito sana, haikua ya Mbelgiji pia. Ungeweza kuvaa suti yako, ukamshika mwenzio kiuno, ukajiona mtu wa mjini wa kisasa kabisa bila kumuiga bwana mkubwa aliyekusumbua kazini kutwa nzima, maana Kihispania hakikua lugha ya mkoloni wao.

Na gitaa lilishafika. Wafanyakazi wa pwani ya Afrika Magharibi waliokuja Kongo kwa ajira walikuja na upigaji wao wa kidole gumba na cha shahada, wenyeji wakaudaka. Kwahiyo santuri za Cuba zilipoingia zilikuta vidole viko tayari.

Kilichobaki ni mtu wa kulipa, na hapo ndo wanaingia wafanyabiashara Wagiriki. Nico Jeronimidis alianzisha lebo ya santuri ya Ngoma mwaka 1948, na mwaka huohuo ikatoka Marie-Louise ya mwimbaji Wendo Kolosoy na gitaa la Henri Bowane (ule wimbo ambao watu walidai ukiupiga usiku wa manane unafufua wafu, wamisionari wakakosa raha). Ikafuata lebo ya Loningisa ya Papadimitriou, na lebo ya Opika nayo ikawepo. Hawa walikua wanatafuta muziki unaouzika, na wa Cuba walishaona unauzika.

Haya tuje kwenye ufundi, hapa ndo kwangu. Son ina vipande viwili, kwanza wimbo unaimbwa taratibu kama hadithi, halafu kinakuja kipande cha kiitikio, waimbaji wanajibizana huku piano au lile gitaa dogo la tres inarudia kifungu kimoja kifupi bila kuchoka, juu yake tarumbeta zinachombeza. Bendi za Léopoldville hazikua na piano za kubeba huku na kule. Kwahiyo kile kifungu cha piano wakakihamishia kwenye gitaa, na kazi nyingi ya tarumbeta wakaliachia gitaa jingine, taratibu ukapata magitaa matatu, la ridhimu chini, la solo juu, na katikati mi-solo ambalo ndo hasa limerithi mkono wa piano. Kipande cha kiitikio kikageuka sebene, ile sisi Bongo tunaita chemko, ila kwenye sebene waimbaji wananyamaza na magitaa ndo yanaongea. Kwa maoni yangu hapo ndo rumba ilipoacha kua mgeni.

Gitaa la umeme lilisaidia sana. Mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, alikuja nalo kwenye miaka ya mwanzo ya 50 akifanya kazi na lebo ya CEFA, na vijana wakajifunza kwake. Bendi ya African Jazz ya mwimbaji Kabasele ikawa na Nico Kasanda kwenye solo na kaka yake Dechaud kwenye ridhimu, na ukimsikiliza Nico utadhani anaimba, nyuzi mbili kwa pamoja, laini kama asali. Mpiga gitaa Franco wa OK Jazz, bendi iliyozaliwa 1956, yeye anacharaza kwa nguvu, anashika kifungu kimoja anakirudia mpaka unasalimu amri. Mwanafunzi akiniuliza aanze na nani namwambia Dechaud, hapendi jibu hilo lakini bila ridhimu solo haina pa kukaa.

Cuba kuna ule mpigo wa vijiti viwili, clave, bendi nzima inautii. Kongo mara nyingi hakuna anayeupiga, ila piga makofi juu ya rumba nyingi za miaka ya 50 utaukuta umejificha kwenye manyanga.

Kufika Januari 1960, wanasiasa wa Kongo wako Brussels wanadai uhuru, Kabasele naye yuko hukohuko na wanamuziki wake, wakatoa Indépendance Cha Cha. Fikiria hilo, uhuru wa nchi unaimbwa kwa Kilingala kwenye mtindo wa chachacha wa Havana, na redio zikaupiga bara zima.

Huku kwetu Salum Abdallah wa Morogoro alishaiita bendi yake Cuban Marimba, kwahiyo homa ilikua ya wengi. Tofauti ni kwamba Wakongo waliendelea kubomoa na kujenga. Bendi ya vijana ya Zaiko Langa Langa walipoanza mwisho wa 1969 wakaachana na tarumbeta na saksafoni, magitaa na drums vikashika usukani, sebene ikaongezwa kasi na urefu, na kijana wa Kinshasa aliyekua anaicheza hakua na sababu ya kujua Don Azpiazú ni nani.