Kwa nini paka hutimua mbio akiona begi la kumbebea?

Paka hushikamana na mahali kuliko tunavyodhani. Mashavuni na kidevuni ana tezi zinazotoa harufu ambayo pua zetu haziipati, na ndiyo maana hupita akijisugua mlangoni, kwenye meza, hata miguuni mwako: anapaka alama kwamba hapa pameshazoeleka. Begi lililokaa stoo miezi kadhaa halina alama hiyo. Linanuka vumbi, pengine na mkojo wa woga wa safari iliyopita, na hutolewa siku ya sindano tu. Akiliona, anaingia uvunguni mwa kitanda.

Basi lisirudi stoo. Liache wazi sebuleni, tandika ndani kitambaa anacholalia, mwekee na dagaa humo. Usimsukume. Wapo wanaohitaji wiki nzima kabla ya kuingia wenyewe, na wapewe hiyo wiki.

Na kwa nini watu husisitiza begi jepesi? Kwa msafiri wa ndege, ni hesabu tu: Air France na KLM, kwa mfano, huruhusu paka wa kukaa na abiria asizidi kilo 8 pamoja na begi lake. Paka wa kawaida ana kilo 4 au 5, kwa hiyo begi zito linakula nafasi bure. Lakini hata kwa safari ya bajaji, wepesi humsaidia paka mwenyewe. Begi zito utalishika mpini, litaning'inia na kugonga goti kila hatua, naye ndani anahisi sakafu inayumba. Jepesi unaweza kulikumbatia kifuani, mkono mmoja ukishika chini. Hapo paka hutulia mno.

Ila wepesi usiwe wa kitako. Kitako kikilegea, paka huteleza katikati na kukosa pa kujikita. Bonyeza kwa kiganja ukiwa bado dukani. Kikizama, achana nalo. Angalia pia zipu kama zina kulabu ya kuzifunga, kwa sababu paka akiamua huisukuma zipu kwa kucha mpaka kichwa kipenye. Mlango wa juu ni bora sana: paka mwoga ni rahisi kumshusha kuliko kumsukuma kwa mbele, na daktari anaweza kumpima akiwa ameketi humohumo.

Njiani funika begi kwa khanga nyepesi, maana asichokiona hakimtishi, lakini acha upande mmoja wa wavu upitishe hewa. Paka hutoka jasho kidogo tu, kwenye nyayo. Ukimwona anahema mdomo wazi, joto huenda limeshamzidi: mtoe juani mara moja, na asipotulia upesi, mwahishe kwa daktari. Kwenye gari, mahali salama ni sakafuni nyuma ya kiti cha mbele.

Mkifika kliniki, usiliweke begi chini ambako mbwa wanapita wakinusa. Liweke juu ya kiti, wavu ukikuelekea wewe.