Umri wa jani: kwa nini wadudu hulenga majani machanga

Jani la mkorosho lenye matundu, gumu na la kijani kilichokolea, mara nyingi halikuliwa jana wala juzi. Lililiwa lilipokuwa bado jekundu-jekundu na laini, kisha matundu yakapanuka kadiri jani lilivyotanuka. Kwa hiyo ukisimama chini ya mti huko Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ukahesabu matundu, unachosoma ni habari za zamani. Mdudu mwenyewe huenda keshaondoka.

Umri wa jani hauhesabiwi kwa siku peke yake. Ni hatua ambayo jani limefikia. Jani changa limechomoza na bado linatanuka. Jani lililokomaa limefikia ukubwa wake na kukakamaa. Jani zee limeanza kugeuka manjano likielekea kudondoka. Kwa miti mingi ya nchi za joto hatua ya kwanza ni ya wiki chache tu, ilhali jani laweza kukaa mtini mwaka mzima au zaidi.

Wiki hizo chache ndizo zenye balaa. Mtafiti Phyllis Coley, aliyefanya kazi kwenye kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama, alichapisha mwaka 1983 vipimo vya majani aliyokuwa akiyatia alama na kuyarudia ili aone kila jani limeliwa kiasi gani na katika hatua ipi. Kazi hiyo na zilizoifuata zimeonyesha kwamba, kwa miti ya msituni inayostahimili kivuli, karibu asilimia 70 ya madhara yote ambayo jani huyapata maishani hutokea likiwa bado linatanuka.

Sababu anaijua kila mchuma kisamvu: anakwenda kwenye majani ya juu, laini, na ya chini anayaacha kwa kuwa hata ukiyatwanga hayaivi vizuri. Kwa mdudu, jani changa lina maji mengi na naitrojeni nyingi, vitu anavyovihitaji kujenga mwili. Jani lililokomaa limejaa nyuzi na lignini, kitu kinachoufanya mmea kuwa mgumu kama mti, na kiwavi aliyeanguliwa leo hana taya za kulikata.

Basi kwa nini mti usiyakakamaze majani yake tangu mwanzo? Hauwezi. Jani hukua kwa chembe zake hai (seli) kuvutika, na chembe iliyokwisha kuwekewa ukuta mgumu haivutiki tena. Ugumu lazima usubiri ukuaji uishe. Kwangu hiki ndicho kiini cha dhana nzima: jani haliwezi kukua na kukakamaa kwa wakati mmoja.

Miti imetafuta njia nyingine. Mingi hujaza majani machanga kemikali kama tanini, ile yenye ukakasi mdomoni. Mingine ya kivulini hutoa majani meupe au ya waridi na kuchelewesha ukijani hadi yakakamae, ili yakiliwa hasara iwe ndogo. Miyombo ya Liwale na Nachingwea huchipua karibu kwa pamoja, mara nyingi Septemba na Oktoba kabla ya mvua kuanza, na majani yanakuwa mengi ghafla kuliko wadudu waliopo. Mkorosho nao una vitezi vya asali kwenye majani machanga na mashada ya maua. Asali hiyo huwavuta sisimizi, wakiwamo majimoto, ambao huwafukuza wadudu wengine. Wachumaji huwalaani kwa kuuma kwao, na sina la kuwatetea hapo, lakini mti wenye majimoto wengi huwa na nafuu.

Si wadudu wote wanaotafuna. Mbu wa mikorosho (jina tu, hana undugu na wa malaria) hufyonza utomvu wa machipukizi, majani machanga, maua na korosho changa, akiacha madoa meusi. Akizidi, chipukizi hukauka kuanzia nchani. Jani gumu hana kazi nalo. Ubwiri unga pia hupenda sehemu changa, ila huo ni ukungu, na salfa inayopulizwa dhidi yake si dawa ya mbu huyu.

Tofauti ya umri haina nguvu sawa kwa kila mti. Miti inayoota upesi kwenye uwazi wenye jua haijengi majani magumu sana, kwa hiyo hata yaliyokomaa huliwa. Panzi wenye taya imara nao hawachagui sana.

Shambani, maana yake ni kukagua machipukizi wakati mti unachipua, bila kungoja matundu yaonekane kwenye majani ya chini. Mikorosho michanga na ile iliyokatwa ili ibebeshwe (ipandikizwe kikonyo cha mkorosho mwingine) ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Hiyo hutoa machipukizi hata nje ya msimu, wakati majani ya miti mikubwa yote yamekakamaa, na mbu wa mikorosho hukusanyika hapo.