Joto la kufukuta halipimwi kwa kipimajoto kimoja

Februari, taarifa ya hali ya hewa ikisema Dar es Salaam ni nyuzi 32, namba hiyo ni sahihi. Ni joto la hewa, limesomwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, ambamo jua halifiki. Lakini msukuma mkokoteni wa Kariakoo yuko kwenye jua la utosi, na lami chini yake imeshika moto. Mimi hupima joto linalompata yeye.

Juani, mzigo mkubwa wa joto hautoki hewani. Unatoka kwenye mionzi ya jua, lami, kuta na mabati. Kuukamata, tunatundika tufe jeusi la shaba, kipenyo milimita 150, lenye kipimajoto katikati. Linataka subira, dakika kama 20 hadi litulie, kwa hiyo barabarani wengi wetu hutumia kijitufe cha ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani kilichopakwa rangi ya kijivu.

Kando yake kuna kipimajoto kilichovikwa utambi uliolowa maji. Maji yakikauka upesi, kinapoa. Kwetu pwani hewa imeshiba unyevu, utambi unabaki umelowa, sawa na shati mgongoni mwa kuli.

Kipimo cha WBGT (kifupi cha Kiingereza cha joto la utambi uliolowa na tufe), kilichobuniwa Marekani miaka ya 1950 kuwakinga wanajeshi wasizidiwe na joto mazoezini, hujumlisha asilimia 70 ya utambi, 20 ya tufe na 10 ya hewa. Tuseme hewa ni 32, utambi 27, tufe 45: jibu ni 31.1. Sogea chini ya mwarobaini, hewa ikiwa ileile 32, utambi 26, tufe 35: jibu ni 28.4. Kwa aliyezoea joto, kikomo cha kimataifa cha kazi ya wastani ni 28, na kusukuma mkokoteni ni kazi nzito kuliko hiyo.

Ndiyo maana nasikitika miti ikikatwa kupanua barabara. Maghorofa nayo hutoa kivuli, ila yakibanana huziba upepo wa kaskazi, na bila upepo jasho halikauki. Na kituo cha daladala cha bati tupu, bila dari, kinazuia jua huku bati lenyewe likiwamwagia abiria joto utosini. Wanaochora vituo hivyo waweke tufe chini ya bati saa nane mchana kabla ya kuidhinisha mchoro.